Riwaya si Cheti cha Tabia Njema

Kila muhula nasahihisha mitihani ya fasihi ya Marekani, na kila muhula sentensi ile ile inanisubiri kwenye rundo: "Mwandishi amefaulu kupinga ubaguzi kwa kuwachora watu weusi kama watu wema, wachapakazi na wenye upendo." Kinachobadilika ni jina la kitabu tu. Safari hii nimeikuta hata kwenye insha kuhusu Native Son, riwaya ambayo mhusika wake mkuu anaua wanawake wawili. Mwanafunzi wa namna hiyo hajasoma kitabu, au amekisoma akakikatalia kusema kinachosema. Nadhani la pili ni baya zaidi. Basi, hizi hapa dhana potofu ninazokutana nazo, na majibu yangu.

Dhana: Riwaya huvunja fikra mgando kwa kutuletea mhusika mwema

Mtanisamehe, hapa nitakaa.

Mwaka 1852 Harriet Beecher Stowe, Mzungu wa New England aliyeuchukia utumwa kwa dhati, alitoa Uncle Tom's Cabin. Mwaka wa kwanza zikauzwa nakala zipatazo 300,000 nchini Marekani. Tom wake ni mwema kupita kiasi: mcha Mungu, mpole, msamehevu, anayepigwa hadi kufa kwa kukataa kusema watumwa wawili wa kike waliotoroka wako wapi. Kama wema wa mhusika ungetosha, kazi ingeishia pale. Wacheza maigizo wakamchukua huyo Tom, ambaye kitabuni ni mwanamume wa kifua kipana mwenye nguvu zake, wakamgeuza kizee kilichopinda mgongo kinachojikomba kwa bwana wake. Leo kumwita Mmarekani Mweusi "Uncle Tom" ni kutafuta ugomvi. Mhusika aliyeumbwa awatetee watu ndiye aliyekuja kuwa tusi lao, na sababu yake iko kwenye uumbaji wenyewe: Tom hana hasira, hana tamaa, hana siri. Ni mhusika bapa, na mtu yeyote anaweza kumbeba mhusika bapa na kumpeleka anakotaka.

Richard Wright, mwandishi Mmarekani Mweusi, alilijua hili kwa uchungu wake mwenyewe. Mkusanyo wake wa 1938, Uncle Tom's Children, ulipokewa kwa machozi na sifa. Baadaye akaeleza kuwa alishtuka kugundua ameandika kitabu ambacho hata mabinti wa wenye mabenki wangeweza kukisoma, wakalia, wakajisikia vizuri. Akajiapiza kwamba kinachofuata kitakuwa kigumu kiasi kwamba hawatapata faraja ya kulia. Kikaja Native Son, 1940.

Bigger Thomas ana miaka ishirini, analala chumba kimoja na mama yake, dada na mdogo wake, upande wa kusini wa Chicago. Kitabu kinaanza akiua panya mkubwa kwa kikaango, kisha anamninginiza mbele ya dada yake hadi binti wa watu anazirai. Wright hakuombi umpende. Bigger anapata kazi ya udereva kwa tajiri Dalton, mfadhili anayewachangia vijana weusi meza za ping-pong, na ambaye kampuni yake ndiyo mwenye nyumba ile ya panya. Usiku mmoja Bigger anamrudisha binti wa Dalton, Mary, akiwa amelewa, anamsaidia kufika chumbani, na mara mama yake asiyeona anaingia. Bigger anajua dunia itasema nini ikimkuta kijana mweusi kwenye chumba cha binti wa Kizungu. Anambana kwa mto ili asitoe sauti, na Mary anakufa.

Rudia kusoma ukurasa huo taratibu. Fikra mgando kuhusu mwanamume mweusi na mwanamke wa Kizungu ndiyo inayoua humo ndani. Wright hakusema "sisi si hivyo". Aliichukua ile picha chafu kama ilivyo, akatuonyesha inavyofanya kazi ndani ya kichwa cha mtu aliyelelewa chini yake. Sasa niambie "wachapakazi na wenye upendo" inaingia wapi.

Wright naye hakumaliza kazi. Mwanamke wa pili anayeuawa ni Bessie, mpenzi wa Bigger, mweusi. Magazeti yote yanamlilia Mary. Mwili wa Bessie unaletwa kwenye uchunguzi wa kifo cha Mary kama kielelezo. Wright ameliona hilo na amelionyesha kwa makusudi. Lakini akiwa hai, huyo Bessie alipewa nini na mwandishi zaidi ya pombe na machozi? Kidogo sana. Suala la rangi limechimbwa hadi mwambani, la jinsia limekwaruzwa juu juu.

Ndiyo maana nawalazimisha wanafunzi wamsome pamoja na Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi ambaye Wright huyo huyo alimponda mwaka 1937. Aliandika kuwa Their Eyes Were Watching God haina dhamira wala ujumbe, na kwamba inawachekesha Wazungu tu. Alitaka riwaya ya kupinga ubaguzi. Hurston alikuwa na kazi nyingine. Msome Janie, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, dukani Eatonville, Florida, mji wa watu weusi watupu. Amekata vibaya tumbaku ya kutafuna ya mteja, na mumewe Joe, ambaye ndiye meya, anamsimanga mbele ya wanaume kwamba amezeeka na makalio yamemlegea. Miaka yote Janie amekuwa akinyamaza. Siku hiyo anamjibu hadharani kuhusu mwili wake Joe na uanaume wake, na ubabe wa Joe unaishia hapo hapo. Hakuna Mzungu dukani. Suala la nani ana haki ya kusema na nani anyamaze linaamuliwa na watu weusi wenyewe, kati ya mume na mke. Wala usidhani mume anayefuata, Tea Cake, kipenzi cha wasomaji, ni malaika: naye anampiga Janie ili watu waone kuwa ni wake. Hurston anaiandika aya hiyo bila kupepesa macho.

Halafu riwaya ya The Color Purple ya Alice Walker, 1982. Nani anamshauri kijana Harpo ampige mkewe Sofia? Si mbabe yeyote. Ni Celie, msimulizi wetu na mama wa kambo wa Harpo, yule yule anayepigwa kila siku na mumewe. Harpo anakwenda kujaribu, anarudi uso umevimba na mdomo umepasuka, anamsingizia nyumbu. Sofia anapojua, anamrudishia Celie mapazia aliyomshonea na kumuuliza kwa nini. Celie anakiri: nakuonea wivu, wewe unaweza kupigana, mimi siwezi. Baada ya hapo wanawake hao wawili wanakaa kushona shuka la viraka. Kurasa chache tu, na zinakufundisha vizuri zaidi kuliko hotuba yoyote jinsi mfumo dume unavyokaa ndani ya mwathirika wake. Mhusika aliyeandikwa kwa ajili ya kutetea jina la wanawake asingeruhusiwa kutoa ushauri ule.

Najua ugonjwa unaanzia wapi. Unaanzia sekondari, kwenye swali la "nafasi ya mwanamke", ambapo jibu ni orodha: mwanamke amechorwa kama mama mlezi, amechorwa kama chombo cha starehe, amechorwa kama mwanamapinduzi. Tumewafundisha watoto kuwapanga wanawake kwenye masanduku, kisha tunawapa alama kwa kuyapanga vizuri. Mtu akifika chuo kikuu na masanduku yake, anamtafutia Celie la kuingia. Haingii. Anakata kipande.

Dhana: Lazima kwanza ujue rangi ya mhusika ndipo umwelewe

Dawa yangu kwa hii ni moja, nawapa wote: Recitatif, hadithi fupi ya Toni Morrison iliyotoka 1983, pamoja na penseli. Wasichana wawili, Twyla na Roberta, wana miaka minane na wanalala chumba kimoja kwenye kituo cha watoto. Mmoja ni mweusi na mmoja ni Mzungu. Morrison hasemi yupi ni yupi, mwanzo hadi mwisho. Sharti langu: mara tu unapoamua, andika pembeni "mweusi" au "Mzungu", pamoja na neno lililokufanya uamue.

Darasa zima huwa limeamua kabla ya ukurasa wa tatu. Mama yake Twyla anacheza dansi usiku kucha, basi. Mama yake Twyla amemwambia mwanawe kwamba watu wa aina ya Roberta hawaoshi nywele na wananuka, basi. Mama yake Roberta anakuja na msalaba mkubwa kifuani na mapaja ya kuku kwenye chakula, basi tena, na sasa penseli zimeanza kugombana. Miaka inapita, Twyla ni mhudumu wa mgahawa na Roberta yuko njiani kumwona Hendrix, mpiga gitaa maarufu, ambaye Twyla hamjui. Baadaye Roberta ni mke wa tajiri, na wote wawili wamebeba mabango pande mbili za mgogoro wa kuwapeleka watoto kwa mabasi kwenye shule za mitaa mingine ili kuzichanganya rangi. Mpaka mwisho wanabishana kuhusu Maggie, mama bubu wa jikoni aliyeanguka bustanini: alikuwa mweusi au la, na wao walimpiga teke au walitamani tu?

Nakusanya vitabu na kuwasomea yaliyo pembeni. "Kuku." "Nywele." "Dansi." "Hajui kusoma." Hakuna aliyeandika neno ambalo Morrison alilihusisha na rangi yoyote, wameyaleta kutoka nyumbani. Kuna mwaka mwanafunzi mmoja alinikasirikia akasema mwandishi amemtega. Ndiyo, amekutega. Miaka kumi na minne baadaye, 1997, Morrison alirudia mtego huo kwenye Paradise, riwaya inayoanza kwa kutuambia kuwa msichana wa Kizungu ndiye anayepigwa risasi kwanza, kisha haituambii ni yupi kati ya wanawake wa nyumba inayovamiwa.

Dhana: Mwandishi ni msemaji wa watu wake

Muulize Maxine Hong Kingston, Mmarekani wa asili ya Kichina. The Woman Warrior yake, 1976, ilichukua hadithi ya Kichina ya Fa Mu Lan, binti anayekwenda vitani badala ya baba yake, ikamchonga mgongoni maneno ambayo katika masimulizi ya Kichina ni ya jemadari wa kiume, Yue Fei. Mwandishi mwenzake Frank Chin alimshukia kwamba anapotosha mila ili kuwafurahisha Wazungu. Wahakiki Wazungu nao walimsifu kwa namna iliyomkera, kana kwamba ameandika kitabu cha mwongozo kuhusu China. Kingston alizaliwa Stockton, California. Alikuwa anaandika kuhusu binti wa Kimarekani aliyelelewa na hadithi za mama yake. Pande zote mbili zilimdai cheti ambacho hakuahidi kukitoa.

Percival Everett ameucheka mzigo huo hadi machozi kwenye Erasure, 2001. Profesa mweusi anaandika riwaya ngumu zenye misingi ya Kigiriki, na duka la vitabu linaziweka kwenye rafu ya masomo ya Wamarekani Weusi kwa sababu ya picha yake nyuma ya jalada. Kwa hasira anaandika upuuzi wa mtaani kwa jina la bandia, upuuzi unanunuliwa kwa fedha nyingi na kushinda tuzo, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa majaji. Aliyetazama filamu ya American Fiction ya 2023 anaijua hadithi, ila kitabu ni kikali zaidi.

Dhana: Alice Walker anawachukia wanaume weusi

Ilienezwa na wapinzani wa filamu ya 1985 iliyotokana na The Color Purple, na bado inatembea. Wanaoirudia huwa hawajafika mwishoni, ambapo Albert, mume mkatili, amekaa barazani anashona na Celie. Wala hawajamwona Harpo anayependa kupika na kuosha vyombo, wakati Sofia anavaa suruali zake na kupanda ngazi kutengeneza paa. Harpo anaharibikiwa pale tu anapoambiwa kuwa mwanamume wa kweli hafanyi hivyo.

Dhana: Fasihi ya kupinga ubaguzi ni wimbi la siku hizi

William Wells Brown alitoa Clotel mwaka 1853. Harriet Wilson alitoa Our Nig mwaka 1859, tena ni kuhusu ukatili kwenye nyumba ya Wazungu wa kaskazini, waliojiona hawana doa. Sui Sin Far alikuwa anaandika kuhusu Wachina wa Marekani mwaka 1912. Inayofuata.

Dhana: Wenyeji wa asili wa Marekani ni watu wa zamani, wa farasi na manyoya

Soma There There ya Tommy Orange, 2018. Wako Oakland, wanapanda treni, wana intaneti.

Dhana: Mwandishi anayepinga ubaguzi mmoja amepona ubaguzi wote

Hii nawaachia wenye hamu ya kuandika tasnifu, kwa kuwa inatugusa sisi wa bara hili. Ndani ya The Color Purple kuna barua za Nettie, mdogo wake Celie, aliyekwenda Afrika kama mmisionari kwa watu waitwao Waolinka. Waolinka ni wa kubuni. Hawawasomeshi wasichana, na kijiji chao kinapitiwa na barabara ya mashamba ya mpira. Barabara ile imeandikwa kwa jicho kali. Waolinka wenyewe, kwangu mimi, ni wembamba: Celie ana wivu, mzaha, uvivu, tamaa, wakati wao wana mila. Walker aliyemkatalia kila mtu kumfanya Celie kuwa mfano wa kitu fulani, hapo amelifanya kabila zima kuwa mfano. Nimebishana na wenzangu kuhusu hili na hatujakubaliana; wao wanasema wembamba huo ni wa macho ya Nettie, mmisionari, wala si wa mwandishi. Ni hoja nzuri. Anayetaka kuitetea aanze na barua ambazo Nettie anaeleza mazungumzo yake na baba yake Tashi, binti wa Kiolinka, na asiniletee "mwandishi amefaulu".