Uchaguzi ukiondoka, demokrasia si lazima iondoke

Tukijadili mfumo utakaorithi demokrasia, wengi hutaja dikteta mwema au kompyuta ya kuamua kila kitu. Wanadhani uchaguzi ndiyo demokrasia yenyewe, kwa hiyo anayeuchoka hana budi kukabidhi mamlaka kwa mtu mmoja au mashine.

Athens ya kale haikuwaza hivyo. Baraza lake la watu 500 lilipatikana kwa bahati nasibu. Kupata waamuzi wa mahakama, vibao vya majina vilipachikwa kwa safu kwenye jiwe lenye matundu, kisha vitufe vyeupe na vyeusi vikaamua safu ipi iingie. Wanawake na watumwa walifungiwa nje, doa kubwa sana, lakini utaratibu wenyewe ulifanya kazi.

Ireland nayo, mwaka 2016, iliwakusanya raia 99 waliopatikana kwa kubahatisha wajadili, pamoja na mengine, katazo la kikatiba la utoaji mimba. Walipendekeza liondolewe, na kura ya maoni ya 2018 ikaafiki kwa asilimia 66.

Naamini mrithi atatokea upande huu. Dikteta, hata akianza vyema, akiharibu utamwondoaje kwa amani?