Je, wajua kwa nini mkate wa Kijapani ni laini kiasi kile?

Mtaa wa Asakusa, Tokyo, kuna duka la mikate liitwalo Pelican. Limekuwapo tangu 1942 na huuza aina mbili tu: mkate wa slesi na vimkate vidogo vya mviringo. Hakuna keki wala biskuti. Hata hivyo wateja huagiza mapema, maana anayekwenda bila oda anaweza kukuta rafu tupu.

Huo mkate wa slesi Wajapani huuita shokupan. Shika slesi yake moja uivute kwa mikono miwili: haimeguki vipande, inachanika kwa nyuzi ndefu, kama sufi ya mto. Bonyeza kwa kidole gumba, itashuka, kisha itainuka yenyewe taratibu. Wenyewe wana maneno yake: fuwafuwa, yaani umejaa hewa, na mochimochi, yaani unanatanata kidogo mdomoni kama mochi, ule mchele wao wa kutwanga. Sisi tuliozoea maneno ya kujirudia kama polepole na tepetepe hatuhitaji kueleweshwa zaidi.

Ukiuliza siri ni nini, wengi watakujibu maziwa, sukari na siagi. Ni kweli vimo, na vinasaidia. Lakini hata skonzi zetu zina sukari na maziwa, na skonzi ya jana sote tunaijua: bila chai haishuki. Shokupan ya jana bado ni laini. Basi lazima kuna kitu kingine.

Kitu chenyewe kinaitwa yudane, na aliyewahi kusonga ugali amekwisha kukielewa nusu.

Kumbuka uji unavyopikwa. Unga ukikorogwa kwenye maji baridi, ukiuacha kidogo unatuama chini na maji yanabaki juu. Uweke motoni, uendelee kukoroga, na ghafla mwiko unakuwa mzito. Hukuongeza unga, chembe za wanga zimepata joto, zikavimba na kuyanywa maji. Kwa unga wa ngano jambo hilo hutokea maji yakifika nyuzi joto 65 hivi. Wanga uliokwisha kuvimba hushika maji mengi kuliko ule mbichi, na hauyaachii kirahisi.

Mwokaji wa Kijapani huchukua sehemu ya unga wake, mara nyingi moja ya tano, akaumwagia maji yanayochemka ya uzito uleule, akausonga haraka mpaka ukawa donge. Kwa gramu 300 za unga, ni gramu 60 za unga na gramu 60 za maji. Ukilitazama donge lile utasema ni ugali wa ngano uliokosewa. Hulifunika na kulilaza usiku mzima. Asubuhi hulimegamega na kulikanda pamoja na unga uliobaki, maziwa, hamira, sukari, chumvi na siagi. Kwa hiyo mkate unaingia oveni ukiwa na akiba ya maji ndani yake. Wanga ule uliopikwa pia ni rahisi kuvunjwavunjwa kuwa sukari wakati kinyunya kinapoumuka, ndiyo maana utasikia utamu kwa mbali ambao si wa sukari ya pakiti.

Watu wa Taiwan na China wana njia ya jirani yake, ila wao hupika uji hasa: sehemu moja ya unga kwa tano za maji. Na wale wanaokanda chapati kwa maji ya moto ili zisikakamae mpaka jioni wanatumia kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hatukuipa jina.

Kuna gharama yake. Unga uliochomwa kwa maji ya moto hauwezi tena kujenga gluteni, ule utando unaovutika na kubeba hewa ya hamira. Unga uliobaki hubeba mzigo wa wote, hivyo lazima uwe na nguvu. Ngano nyingi ya Japani hutoka nje, na ya mikate ya namna hii hupendwa ile ya Kanada, yenye protini nyingi. Tena hukandwa sana. Kipimo chake ni kukata kipande cha kinyunya na kukivuta kwa vidole: kikitanuka mpaka mwanga unapenya bila kutoboka, kiko tayari. Kikichanika, endelea kukanda.

Habari ya bati ni fupi. Bati la shokupan lina mfuniko, ndiyo sababu mkate unatoka mraba kama tofali; bila mfuniko unavimba juu kama kilima. Wa Osaka hupenda slesi nene, wa Tokyo nyembamba kidogo. Mimi niko upande wa Osaka.

Lakini kwa nini walihangaika hivyo? Neno lao la mkate, pan, ni la Kireno; Wareno walifika kule 1543. Ndio haohao waliopita pwani yetu na kutuachia meza, mvinyo na gereza, ila mkate tulibaki na jina letu. Japani ilikuwa nchi ya wali, na mkate mgumu wa Ulaya ulikuwa mgeni mdomoni. Mwaka 1874 Kimura Yasubei, mwenye duka la Kimuraya pale Ginza, Tokyo, aliumua kinyunya kwa chachu ya mchele badala ya hamira ya Kizungu, akajaza ndani maharage mekundu matamu. Tarehe 4 Aprili 1875 mkate huo, anpan, ukaandaliwa kwa Mfalme Meiji ukiwa na ua la mcheri lililotiwa chumvi. Kwa maoni yangu hapo ndipo njia ilipopinda: badala ya watu kuuzoea mkate, mkate ulifanywa uwazoee watu wa wali.

Sasa tuje kwenye mkate unapotoka ovenini. Maduka mengi ya kule huweka kibao chenye saa ambayo kila mkate utatoka, nawe unapita na sinia na koleo yako ukijichagulia. Nyuma ya kaunta utasikia kishindo: waokaji wanadundisha bati mezani mara tu linapotoka. Ni kutoa mvuke. Mvuke ukibaki ndani, kuta za mkate hulowa na kukunjamana kiunoni. Kwa sababu hiyohiyo usiukate ukiwa wa moto, kisu kitaukandamiza mpaka ubondeke. Na usiuweke kwenye friji. Baridi ile hukakamaza wanga upesi kuliko kabatini. Kama ni mwingi, ugandishe kabisa.

Mara ya kwanza kujaribu nyumbani nilitumia maji ya chupa ya chai, nikidhani moto ni moto. Donge likabaki jeupe na la ungaunga, na mkate ukatoka wa kawaida tu. Mara ya pili nilingoja sufuria itokote, nikamwaga, nikasonga kwa mwiko uleule wa ugali. Kinyunya kilinata vidoleni dakika ishirini nzima kabla hakijakubali. Mkate ulipotoka nililidundisha bati kama wao, majirani wakauliza kuna nini, na kusubiri upoe sikuweza. Kipande cha pembeni nilikinyofoa kwa mkono.