Takwimu za macho hospitalini zinamhesabu nani?

Daktari akisema ugonjwa fulani ni robo ya wagonjwa wake wa macho, anawazungumzia waliofika kwake. Walioumwa wakabaki nyumbani hawamo. Huo ni uwiano wa ugonjwa hospitalini, na wengi huuchanganya na ukubwa wa ugonjwa mitaani.

Chukua macho mekundu, yale ya virusi yaliyosambaa Dar es Salaam Januari 2024. Mtu wa Ngamiani, Tanga, akiamka kope zimegandana kwa tongotongo, hukimbilia duka la dawa. Anunue matone asinunue, kwa kawaida macho hupona yenyewe baada ya wiki mbili tatu, na jina lake haliingii kamwe kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya.

Uveitisi ni kinyume chake. Huu ni uvimbe wa tabaka la kati la jicho lenye mishipa mingi ya damu, na unaweza kuletwa na kifua kikuu, kaswende au maradhi mengine ya mwili. Aina ya mbele ya jicho, ambayo ndiyo hupatikana zaidi, huuma kwa ndani, mwanga unachoma, kuona kunafifia. Matone ya kawaida ya dukani hayafui dafu. Mgonjwa wa Pangani au Lushoto hupewa rufaa na kuishia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga.

Tuseme, kwa mfano tu, watu 200 wana macho mekundu na 4 wana uveitisi. Hospitali wakaenda 10 wa kundi la kwanza na wote 4 wa pili. Kliniki, uveitisi ni 4 kati ya 14, karibu asilimia 29. Mtaani ni 4 kati ya 204, haifiki hata asilimia 2. Hakuna aliyekosea hesabu.

Kuna na suala la marudio. Mtoto mwenye mzio wa macho hurudi kliniki kila yakimwasha, na akihesabiwa kila safari, mtoto mmoja anageuka wagonjwa watano. Ripoti isiyosema kama imehesabu watu au mahudhurio, mimi siiamini.

Kinachoniuma zaidi ni wasiofika kabisa. Usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi na unaojulikana miaka mingi kwenye miteremko ya Usambara, unaweza kuharibu macho polepole kwa miaka, na mzee akadhani ni umri tu. Kumpata huyo, wapimaji hawana budi kupanda kijijini, wachague kaya kwa bahati nasibu, na wamchunguze kila mtu, hata anayesema macho yake ni mazima.