"Asilimia 2 tu kwa mwezi" si riba nafuu

Kwenye yadi za magari Nakuru na Kisumu, mnunuzi akisikia "riba ni asilimia 2 tu kwa mwezi", huamini itapungua kadiri anavyolipa. Si lazima. Mara nyingi riba hiyo haipungui: hukokotolewa kwa mkopo wote wa awali hadi mwisho.

Chukua mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 24. Kila mwezi unalipa 37,000, yaani 25,000 za deni na 12,000 za riba. Mwezi wa mwisho deni limebaki 25,000, na bado unatozwa 12,000 zile zile! Inauma sana. Riba yote inafika 288,000. Ingekuwa inayopungua, ungelipa takriban 161,000.

Kabla ya kutoa deposti, dai jumla utakayolipa iandikwe.