Kibofu kisichokubali kusubiri: maswali na majibu kuhusu tafiti za tiba

Mkojo ukinibana siwezi kuvumilia hata dakika mbili. Ni ugonjwa au ni umri tu?

Ni hali ya kiafya, na ina tiba. Kibofu ni mfuko wa misuli. Unapojaa, misuli hiyo inatakiwa itulie, ikaze pale tu unapokuwa tayari kukojoa. Kwako inakaza kabla hujairuhusu. Ndiyo maana wengi husimulia kisa kilekile: ufunguo uko kwenye kitasa, mlango haujafunguka, na nguo imeshalowa. Kwa wengine ni mlio wa maji ya bomba. Umri huongeza uwezekano, lakini vijana nao hupatwa, wanawake kwa wanaume. Mkojo unaochuruzika ukikohoa au kucheka ni tatizo jingine lenye tiba yake, kwa hiyo mweleze daktari unatoka wakati gani. Atapima kwanza kama kuna maambukizi, kisukari au damu kwenye mkojo.

Watafiti wanajuaje kwamba tiba imesaidia, wakati aibu hii mtu huibeba peke yake?

Kwa daftari. Mshiriki huandika, mara nyingi kwa siku 3 mfululizo, kila alipokwenda chooni, kila alipobanwa ghafla na kila alipolowa. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: “Saa 9:40 alasiri, nilikuwa naosha vyombo, nimebanwa ghafla, nimelowa kidogo.” Baada ya wiki kadhaa anaandika tena, na hesabu mbili zinalinganishwa. Napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakihitaji mashine. Hata usiposhiriki utafiti wowote, andika daftari lako la siku 3 kabla ya kumwona daktari. Litamsaidia kuliko maelezo ya “naenda mara nyingi”.

Kwa nini washiriki wengine hupewa kidonge kisicho na dawa? Si kuwadanganya?

Hapana, mradi wameambiwa tangu mwanzo kwamba jambo hilo linawezekana na wamekubali. Bila kundi hilo tungedanganyika sisi sote. Angalia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliohusu wanawake 197 wenye umri wa miaka 55 hadi 92. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walifundishwa kukitawala kibofu, wengine walipewa dawa ya oksibutinini, wengine kidonge kitupu. Baada ya wiki 8, matukio ya kulowa yalipungua kwa asilimia 39.4 hata kwa waliomeza kidonge kitupu! Kuandika daftari, kufuatiliwa, kusikilizwa, yote hayo huchangia. Kwa hiyo dawa ikitangazwa kwamba imepunguza tatizo kwa asilimia 40, uliza kwanza waliokosa dawa walipungukiwa kwa kiasi gani.

Na hayo makundi mengine mawili?

Waliomeza dawa, asilimia 68.5. Waliofundishwa, asilimia 80.7. Mafunzo yaliishinda dawa, na nasikitika kwamba watu wengi huandikiwa vidonge bila kuambiwa habari hii. Kiini cha mafunzo ni hiki: ukibanwa ghafla, usikimbie. Kukimbia hukitikisa kibofu na kukuongezea hofu. Simama au kaa, kaza haraka mara kadhaa misuli ile unayotumia kukatiza mkojo, ngoja wimbi lipite, kisha nenda chooni kwa mwendo wa kawaida. Mara za kwanza utashindwa. Misuli hii hufunzwa kama misuli mingine, kwa wiki, si kwa siku mbili.

Vidonge vina kasoro gani?

Oksibutinini na jamaa zake huzuia ishara ya neva inayokiamuru kibofu kikaze, lakini huzuia ishara hiyohiyo kwingineko mwilini. Ndipo mdomo hukauka na choo kikawa kigumu. Tafiti za ufuatiliaji pia zimeona uhusiano kati ya kutumia dawa za aina hii kwa muda mrefu na ugonjwa wa kusahau uzeeni. Uhusiano si uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo, ila kwa mzee ni sababu tosha ya kujadiliana na daktari. Mirabegroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hukilegeza kibofu kwa njia nyingine na haikaushi mdomo kwa kiwango hicho. Lakini inaweza kupandisha shinikizo la damu, hivyo lipimwe.

Nimesikia kuna sindano.

Ipo, ni ya dawa ya kulegeza misuli iitwayo botulinum (Botox), na huchomwa ndani ya kibofu kupitia njia ya mkojo. Utafiti wa mwaka 2012 uliilinganisha na vidonge kwa miezi 6, kwa wanawake waliokuwa wakilowa wastani wa mara 5 kwa siku. Makundi yote mawili yalipungukiwa na zaidi ya mara 3. Waliopona kabisa walikuwa asilimia 27 kwa sindano na 13 kwa vidonge. Gharama yake: maambukizi ya njia ya mkojo yaliwapata asilimia 33 ya waliochomwa, dhidi ya 13, na wachache walihitaji mpira wa mkojo kwa muda kwa sababu kibofu kililegea mno. Sindano hurudiwa nguvu yake inapoisha. Zipo pia tiba za kusisimua neva kwa umeme mdogo, karibu na kifundo cha mguu au chini ya mgongo.

Nikiombwa kushiriki utafiti?

Usitie sahihi siku hiyohiyo. Nenda na fomu nyumbani, uisome na mtu unayemwamini. Uliza kamati gani ya maadili imeupitisha, nani atakutibu ukidhurika, na kama utaendelea kupata dawa utafiti ukiisha. Unaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayatakiwi kuguswa.