Sindano ya siku ya mbio na uzao wa farasi: maswali na majibu

Farasi wa mbio akitoka damu puani, watu wawili huingiwa na haraka: mwenye farasi anayetaka akimbie tena mwezi ujao, na mfugaji anayemtaka kwa mbegu. Katikati yao amesimama daktari na sindano. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na masaisi wa Nairobi na vijana wetu walioajiriwa kwenye mazizi ya Ghuba. Mengi yanahusu Marekani, maana huko ndiko sindano hiyo ilikoota mizizi.

Hiyo "dawa ya siku ya mbio" ni dawa gani hasa?

Ukimuuliza mtu wa mbio za Marekani atakutajia moja tu: furosemidi, ambayo wengi huiita Lasix kwa jina lake la biashara. Huenda hata nyumbani kwenu ipo. Ni ile dawa ya kukojosha wanayopewa wagonjwa wa moyo na wenye miguu iliyojaa maji. Babu humeza kidonge cha miligramu 40 asubuhi, halafu hataki kusikia habari ya kupanda basi mpaka adhuhuri. Farasi ana kilo 500 hivi, kwa hiyo yeye hudungwa kati ya miligramu 150 na 500 kwenye mshipa wa shingo, mbio zikiwa zimebakiza muda usiopungua saa nne.

Ukiwa zizini asubuhi hiyo hutahitaji kuambiwa. Ndoo ya maji imeshaondolewa. Daktari anaubana mshipa kwa kidole gumba, unatuna, sindano inaingia. Haipiti nusu saa farasi anatanua miguu ya nyuma na kukojoa kama bomba lililopasuka. Anapumzika, anarudia, anarudia tena. Saisi anageuza majani ya kulalia kwa uma huku ananung'unika. Mpaka farasi anapotolewa kwenda uwanjani ameshapungua kilo kumi au zaidi, na karibu zote ni maji.

Kwa nini apewe? Kwani farasi huyo ana ugonjwa wa moyo?

Hana. Moyo wake ni mzima kupita kiasi. Akiwa amesimama hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, akikimbia kwa nguvu zote hupita 220. Damu yote hiyo inasukumwa kwenye mapafu, na humo ukuta unaoitenga damu na hewa ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Shinikizo likipanda, vimishipa vinachanika na damu inavujia kwenye njia ya hewa.

Watu hudhani hili huwapata farasi wachache, kwa sababu ni nadra damu kufika mpaka puani. Hapo ndipo kamera inapotuumbua. Saa moja hivi baada ya mbio, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye tundu la pua na kuushusha kooni, huku saisi ameushika mdomo wa juu wa farasi kwa kitanzi cha kamba ili atulie. Kwenye kioo unaiona njia ya hewa, ya rangi ya waridi, imejipanga pete kwa pete, na chini yake mchirizi mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea. Daktari anatoa alama: 0 kama pako safi, 4 kama damu imetapakaa na kutuama. Farasi ambaye jukwaa zima limemwona mzima wa afya anaweza kuwa na 2. Ukipima hivi baada ya mbio, si ajabu kukuta zaidi ya nusu ya farasi wana damu ya kiasi fulani.

Sindano inasaidia kweli, au ni mazoea tu?

Inasaidia. Jaribio lililopunguza ubishi lilifanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2009. Farasi 167 walikimbia mara mbili, mara moja wakiwa na furosemidi na mara moja wakiwa wamedungwa maji ya chumvi. Walipokimbia bila dawa, waliotoka damu waliongezeka waziwazi, na waliotoka damu nyingi wakaongezeka zaidi. Kazi yake ni rahisi kuielewa: figo zinamwaga maji na chumvi, damu inayozunguka inapungua, shinikizo la mapafuni linashuka. Linashuka tu, haliondoki. Akikimbia tena bila sindano, tatizo liko palepale.

Inasaidia pia kwa namna ambayo wenye farasi hawapendi kuitaja kwa sauti. Farasi aliyepunguza kilo kumi huku misuli yake ikibaki vilevile amepunguziwa mzigo. Ndiyo maana sindano iliyoanza kwa farasi waliothibitika kutoka damu iliishia, huko Marekani, kwa zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Wote hao walikuwa wagonjwa? Sidhani. Jirani akikimbia mwepesi, nani atakubali wake abaki na ndoo ya maji tumboni? New York ndiyo iliyoikataa sindano muda mrefu kuliko majimbo mengine, nayo ikakubali mwaka 1995.

Dawa hii huingia kwenye mbegu za dume ikamfikia mtoto?

Hapana, na hili ndilo naulizwa kuliko yote. Furosemidi hutoka na mkojo, na haibadilishi vinasaba. Dume anapofikishwa shambani kupanda majike, miezi kadhaa baada ya mbio zake za mwisho, hana hata chembe yake mwilini.

Kinachoguswa ni jicho la mfugaji. Anayetaka mbuzi wa maziwa hununua beberu ambaye mama yake amekamuliwa akiona. Mfugaji wa Thorobredi, ile mbegu ya farasi wa mbio unaowaona kwenye televisheni, yeye hutazama rekodi ya mbio. Rekodi ndiyo chujio lake. Sasa mchukue farasi ambaye mapafu yake yangemwangusha katika mita mia mbili za mwisho. Anadungwa, anashinda, jina linakua, ada ya kupandishia majike inapaa. Karatasi inaonyesha ushindi na haisemi lolote juu ya mapafu. Kumbuka pia kwamba dume mmoja maarufu anaweza kupanda majike 150 na zaidi kwa msimu mmoja, tena apande mwenyewe, maana Thorobredi hawaruhusiwi kupandishwa kwa mrija. Ukikosea kuchagua dume mmoja, baada ya misimu michache kosa lako lina watoto mamia.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Tatizo ni kwamba huyu hapiti, anazaa.

Kutoka damu kunarithiwa kweli, au tunawasingizia wazazi?

Kwa kiasi fulani kunarithiwa. Watafiti wa Afrika Kusini na Australia waliofuatilia koo za farasi wanaotoka damu puani waliona kuwa urithi una sehemu isiyo ndogo, kati ya robo na nusu kwa makadirio yao. Inayobaki ni umri, wingi wa mbio, vumbi la zizini, hali ya uwanja na mengineyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ila hapa si kila mtoto.

Na hapa inabidi niwatetee Wamarekani kidogo, kwa sababu tatizo hili lina umri kuliko sindano. Huko Uingereza mwaka 1716 alizaliwa dume aliyeitwa Bartlett's Childers. Ndugu yake wa baba na mama, Flying Childers, alisifika kwa kasi kuliko farasi wote wa zama zake. Yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia mashindano, kwa sababu alikuwa akitoka damu, hata watu wakambandika jina la Bleeding Childers, yaani Childers Mtoka Damu. Ukoo ulikuwa mtamu, basi wakamtumia kwa mbegu hivyohivyo. Akamzaa Squirt, Squirt akamzaa Marske, na mwaka 1764 Marske akamzaa Eclipse, ambaye hakushindwa hata mara moja. Ukifuata baba wa baba wa baba, idadi kubwa mno ya Thorobredi wa leo duniani inaishia kwa huyo Eclipse. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya furosemidi, wafugaji walikwisha kuamua: kasi kwanza, habari ya damu tutaiona mbele ya safari.

Kwa hiyo simlaumu aliyebuni sindano kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa. Lawama yangu ni kwamba chujio lilikuwa limebaki moja, nalo likaondolewa.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Ulaya, Japani, Hong Kong, Australia na Dubai hawaruhusu furosemidi siku ya mbio. Vijana wanaofanya kazi Meydan, uwanja wa mbio wa Dubai, wanajua hili: farasi wa Marekani akienda Dubai World Cup anakimbia bila sindano yake. Australia ndiko kwenye mkono mzito. Damu ikitoka matundu yote mawili ya pua, farasi anafungiwa mbio miezi mitatu. Ikitokea mara ya pili, hakimbii tena maisha yake yote.

Tusiwafanye malaika, lakini. Katika baadhi ya nchi hizo dawa ileile huruhusiwa mazoezini, mradi iwe imetoka mwilini kabla ya siku yenyewe. Farasi anaweza kufanyishwa kazi kwa sindano juma zima, halafu Jumamosi akaonekana msafi.

Marekani nao wamegeuka kidogo. Sheria ya kitaifa ya uadilifu na usalama wa mbio ilitiwa saini Desemba 2020, na kanuni zake za dawa zikaanza kutumika Mei 2023. Furosemidi imezuiwa kwenye mbio za farasi wa miaka miwili na kwenye mbio za heshima, zile ambazo wafugaji huzitazama wanapotafuta wazazi. Kentucky Derby yenyewe imekimbiwa bila dawa hiyo tangu 2021. Mimi naona wameanzia mahali pazuri.

Zipo dawa zinazogusa uzazi wenyewe?

Zipo, na hapo jibu langu linabadilika. Steroidi za kujenga misuli, zilezile zinazouzwa kichinichini kwa vijana wa jimu, zinafanana na homoni ya kiume. Mwili wa dume ukiipata kutoka nje, ubongo unaacha kuziamrisha korodani. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, na huchukua miezi kurudi katika hali yake. Jike naye huanza tabia za kidume, na siku zake za joto zinavurugika. Mwaka 2008 farasi aitwaye Big Brown alishinda Kentucky Derby na Preakness, mbio mbili kubwa za Marekani, na mkufunzi wake alisema hadharani kwamba alikuwa akimpa stanozololi, mojawapo ya steroidi hizo. Wakati huo halikuwa kosa. Kelele zilizofuata ndizo zilizoyafanya majimbo yaanze kubana.

Nyingine ni bisfosfonati, dawa za mifupa. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mbili kwa farasi wenye maumivu ya kwato waliotimiza miaka 4 na kuendelea, na si kwa jike mwenye mimba wala anayenyonyesha. Zinazuia seli zinazomega mfupa wa zamani. Kwa farasi mchanga hilo ni balaa, kwani mfupa wake lazima umegwe na kujengwa upya ndipo uzoee mbio. Hofu iliyopo ni watoto wa farasi wa mwaka mmoja kupewa dawa hizi kabla ya mnada ili picha za eksirei zipendeze. Mnunuzi analipia picha, mguu anaujua baadaye.

Nina presha, na dawa ya farasi ipo stoo. Kuna ubaya nikitumia kidogo?

Upo. Mililita 5 za dawa hiyo zinaweza kuwa na miligramu 250, zaidi ya mara sita ya kidonge cha babu. Utapoteza maji na potasiamu kwa kasi, na potasiamu ikishuka mno moyo hupiga ovyo. Vilevile usiguse fenilibutazoni, dawa ya maumivu ya farasi, eti kwa ajili ya mgongo. Kwa binadamu inaweza kuuharibu uboho unaotengeneza damu, ndiyo maana farasi aliyeipewa haruhusiwi kuchinjwa kwa kitoweo.

Mimi ni saisi. Jike ninayemtunza katoka damu puani baada ya mazoezi. Nifanye nini?

Mshushe mpandaji, mtembeze taratibu au msimamishe kivulini, mwache ainamishe kichwa anavyotaka. Usimzibe pua wala usimmiminie maji puani. Angalia tundu: damu ya tundu moja inaweza kutoka kwenye pua yenyewe au mfuko ulio nyuma ya koo, na mara nyingine hiyo ndiyo ya hatari zaidi, damu ya matundu yote mawili baada ya kukimbia mara nyingi inatoka mapafuni. Ikiwa inamwagika kwa wingi, mpigie daktari wa mifugo papo hapo. Ikiwa ni michirizi, mwite hata hivyo, apitishe kamera siku hiyohiyo. Baada ya hapo apumzike, nyasi zake zilowanishwe kupunguza vumbi, na banda lipitishe hewa.

Halafu chukua daftari la zizi. Andika tarehe, umbali aliokimbia, tundu moja au mawili, alama aliyotoa daktari, na dawa aliyopewa pamoja na kiasi chake. Siku jike huyo atakapopelekwa kwa dume, daftari liende naye.