Kidonge cha urani huchakaa kuanzia ukingoni

Tangu mpango wa kujenga kinu cha nyuklia uzue upinzani kule Uyombo, Kilifi, wanafunzi wangu hapa Nairobi huniuliza sana kuhusu kuvuja kwa mionzi. Kuhusu fueli yenyewe, ambayo ndiyo kazi yangu, ni wachache wanaouliza.

Fueli hiyo ni vidonge vya oksidi ya urani, kauri nyeusi yenye kipenyo cha karibu sentimita 1, vilivyopangwa ndani ya mrija wa aloi ya zirkoni. Kinu kikipandishwa nguvu mara ya kwanza tu, kidonge huingia nyufa, maana katikati joto hufika nyuzi 1,000 hivi na ukingoni ni kama 400. Hilo linajulikana, wala halitutishi.

Lililo tamu huja miaka kadhaa baadaye. Ungetarajia katikati penye moto ndipo paharibike zaidi, lakini sivyo. Urani-238, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya fueli, hunasa nyutroni nyingi pale pale ukingoni na kugeuka kuwa plutoni, nayo plutoni hupasuka viini vyake papo hapo. Matumizi ya fueli ukingoni, yaani nishati ambayo kila tani yake imetoa, yakawa mara mbili au zaidi ya wastani wa kidonge. Isitoshe, ukingo una ubaridi wake: atomu zilizotupwa nje ya nafasi zake hazina joto la kuzirudisha, ilhali kule ndani joto hutibu majeraha hayo.

Ukingo ukishatoa takriban gigawati-siku 60 hadi 70 kwa tani (gigawati-siku ni nishati ya gigawati moja kwa siku nzima), punje za kauri hiyo, za maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hugawanyika kuwa vijipunje vya maikromita 0.1 hadi 0.3. Chini ya hadubini ya elektroni utadhani ni koliflawa. Zenoni, gesi inayozaliwa viini vinapopasuka, huhama kutoka kwenye vijipunje na kujikusanya katika vitundu vya karibu maikromita 1.

Wapo wanaoliita badiliko hili kuoza, mimi sikubali. Kinu kikiendeshwa kawaida, sehemu kubwa ya gesi hiyo hukaa imefungiwa humo. Kasheshe ni maji ya kupoza yakipotea na joto kupanda ghafla: shinikizo la vitundu huweza kusaga fueli ikawa vipande vidogo mno, na mrija uliovimba ukipasuka, vipande hivyo vina pa kutokea. Majaribio ya Halden, Norwe, kwenye kinu kilichofungwa 2018, yalionyesha hivyo. Ndiyo mojawapo ya sababu Marekani ilisita kupandisha kikomo chake cha tangu zamani cha gigawati-siku 62 kwa tani, kwa wastani wa mrija mmoja, ingawa fueli inayotolewa bado imejaa urani.